Kutia Nia Kabla ya Breki

Mume wangu ana rangi ya kitako cha sufuria, na kwa miaka mingi soko zima hapa Solo lilimwita Dirjo Mholanzi. Mungu anisamehe kumsema hivyo, lakini mwenyewe husimulia kwamba siku aliyozaliwa mkunga alidhani taa imezimika. Kwa hiyo wageni walioelekezwa kwake kutoka Semarang au Jakarta walifika kibandani kwetu wakitafuta mzee mrefu mwenye nywele za mahindi.

"Samahani, Bu," waliniambia, maana kwetu mama ni Bu na bwana ni Pak. "Tunamtafuta Pak Dirjo Mholanzi."

"Mmemkanyagia sarungi yake," niliwajibu.

Wakitazama chini walimwona mtu mfupi aliyechuchumaa, tumbo limekaa juu ya fundo la sarungi, anachokonoa kabureta kwa mswaki wangu wa zamani. Naye bila kuinua kichwa aliwauliza, "Gari gani, mwaka gani, na mkeo anajua?"

Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni kutafuta spea za magari ya zamani, zile ambazo hata waliozitengeneza wamesahau kwamba waliwahi kuzitengeneza. Ya pili ni kutafuta vitabu vinavyoeleza spea hizo zinakaa wapi na zinafungwaje. Gari la zamani bila kitabu, husema, ni maiti bila jina.

Kuwinda spea kuna adabu yake, na adabu ya kwanza ni kutoitaja spea. Ukimwambia mtu kwamba kile anachowekea maji ya kuku ni kifuniko cha gurudumu la Opel, kuku wake wanageuka urithi wa babu papo hapo. Unaanza na magoti ya mwenye nyumba. Yanauma? Yanauma. Unahamia kwa wajukuu. Unakunywa chai. Unawasifia kuku, na kama kuku wenyewe wamenyonyoka manyoya unamsifia jogoo. Ukiaga ndipo unashangaa, eti kuku wazuri hivi mbona wananywea kwenye chuma chenye kutu, wiki ijayo nitawaletea beseni jipya. Nimekwenda naye kwenye safari hizi mara nyingi, kwa sababu mwanamke mwenye ushungi akikaa pembeni na kikapu, mtu haitwi mwizi upesi.

Vitabu vina taabu nyingine. Waholanzi walipoondoka nchini waliviacha maghalani, na maghala yalipofunguliwa viliuzwa kwa kilo kwa wafunga vitafunio. Kuna mwaka tulikula karanga hadi nikatoka vipele. Muuza karanga mmoja alikuwa anafungia kurasa za giaboksi, na Baba Wening, yaani mume wangu, kwa kuwa binti yetu ni Wening, alikuwa anangojea sura ya klachi.

"Mama Wening, nunua tena."

"Nimeshiba, Baba."

"Sisemi tumbo, nasema kitabu. Tumefika ukurasa wa propela shafti."

Sasa mtauliza, mume wangu, mtu aliyeishia darasa la sita kama mimi, alijulia wapi Kiholanzi. Hakujulia popote. Ujana wake alifagia gereji ya kiwanda cha sukari, na huku kwetu kila kitu ndani ya gari kilibaki na jina alilokuja nalo. Bomba la moshi tunaliita knalpot, vali tunaiita klep, nati mur, breki rem. Tunayasema tangu utotoni wala hatujui kwamba tunasema Kiholanzi. Basi siku alipofungua kitabu cha lori pale gerejini, alikuta ukurasa mzima umejaa jamaa zake. Katikati ya jamaa kulikuwa na vijineno vidogo asivyovijua, akaviacha vipite zao, kama mtu anavyowaacha wageni kwenye harusi ya jirani.

Isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimeandikwa kwa herufi nene, tena kila mara karibu na jambo la hatari: NIET. Akamwendea msimamizi wa gereji, Mbah Karso, mzee aliyekuwa pia akiadhini msikitini, akamwonyesha.

Mbah Karso akasogeza miwani. Sisi nia, ile mtu anayoiweka moyoni kabla ya sala, tunaiita niat.

"Si niat hiyo?" akasema. "Hawa watu walikuwa hawajui kuandika. Ukifika hapo weka nia, sema bismillahi, halafu fanya."

Mume wangu aliyabeba maneno yale kama amana. Tangu siku hiyo kila alipolikuta neno lile alisimama, akafuta mikono, akafumba macho, akatia nia, kisha akafanya kilichoandikwa. Alipokuja kunichumbia alinieleza habari hiyo kabla hajanieleza ana mshahara gani, na mimi ndiyo iliyonilainisha. Baadaye niliwahadithia wanawake wa darasa letu la Kurani: jamani, hata mafundi wa Kizungu walikuwa hawafungui nati bila nia, sisi tunapika wali bila bismillahi. Wengine walilia.

Hivyo ndivyo jina la Mholanzi lilivyokaa. Mtu akileta kitabu, Baba Wening alikuwa akikisoma kwa sauti mbele ya kibanda, matamshi yanapanda na kushuka kama mchuzi jikoni, watu wanasimama kusikiliza. Aliyekuwa akimuudhi ni mmoja tu, Gimin wa kibanda cha mbele yetu. Huyu vitabu havitaki. Anapima kila kitu kwa kidole gumba, na kila gari analifungia spea za pikapu za Kijapani, kwa hiyo tunamwita Gimin Gumba.

"We Mholanzi," alizoea kumpigia kelele saa za mchana, "kitabu chako kinasemaje kuhusu tempe ya soya ya kukaanga?"

"Kinasema usile na mtu anayepima mvua kwa kidole."

"Na mkeo ulimpima kwa ukurasa wa ngapi?"

"Gimin, nimefunga leo," nilimwambia mimi, "usinifanye nikutukane."

Basi mwaka mmoja akaja Eyang Lusia. Eyang ni bibi, lakini bibi wa kuinamiwa kidogo. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mkatoliki, mjane, mwembamba kama uzi wa kushonea, na alikuja akiwa amemshika mkono dereva wa bajaji kwa sababu macho yalikuwa yanamwishia. Aliona mwanga na vivuli, na nyuso za watu waliomkaribia sana. Daktari alikuwa amemwambia bila kumficha kwamba hata hizo nyuso zitaondoka karibuni.

"Wewe ndiye Mholanzi?" akauliza, uso umeelekea kabureta.

"Ndimi, Eyang. Niko kushoto kidogo."

"Marehemu mume wangu ameniachia Fiat ya mwaka hamsini na saba. Imelala bandani tangu alipougua. Siku ya mazishi, jeneza halijafungwa, wifi yangu Monika alisimama katikati ya watu akasema, hilo gari liuzwe kwa kilo. Kwa kilo! Kila Pasaka, wakitoka misa, ukoo wote unakaa barazani kwa Monika. Pasaka hii nataka nipite pale mbele, nimekaa kwenye Fiat, honi inalia. Nataka niuone uso wake, ningali naona uso."

Baba Wening akaweka mswaki chini. Mimi nikamwonea huruma yule bibi, nikamwonea huruma na Monika.

"Marehemu alifanya kila kitu kwa kitabu," Eyang akaendelea. "Kitabu chenyewe kimeliwa na mchwa. Sitaki fundi wa kukisia. Nimeambiwa wewe unasoma Kiholanzi sawasawa."

"Kama maji, Eyang."

Kutoka ng'ambo Gimin akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Baba Wening akasimama wima, akavuta sarungi, akasema soko lote likisikia: "Pasaka utapita pale, Eyang. Kwa kitabu. Nisipoweza, jina hili la Mholanzi apewe Gimin."

"Silitaki," Gimin akajibu. "Litanichubua."

Kwaresima ilikuwa imeshaanza.

Injini haikusumbua. Marehemu alikuwa ameiacha kama mtu anavyotandika kitanda kabla ya safari. Kilichokufa ni breki. Raba ndogo za ndani ya silinda, zile zinazosukuma mafuta ukikanyaga, zilikuwa zimekauka zikakatika kama biskuti. Bila hizo Fiat ingepita barazani kwa Monika vizuri sana na kwenda kusimama mtoni.

Tulizunguka. Klaten hakuna, Sragen hakuna. Boyolali mtu mmoja alituuzia chai, akatuhadithia ugomvi wake na mkwewe, mwisho akatutolea raba za baiskeli. Ndipo Baba Wening akamkumbuka Cik Lan wa Salatiga, mama wa Kichina ambaye baba yake aliuza spea zamani, na yeye sasa anauza viatu vya shule kwenye duka lile lile. Tukapanda pikipiki.

Cik Lan alitukaribisha jikoni. Tulipoketi tu nikahisi goti la mume wangu linatetemeka. Nikafuata macho yake. Kabati la chakula lilikuwa pembeni, na sakafu ya jiko ilikuwa imetitia upande mmoja, kwa hiyo miguu miwili ya kabati ilikuwa imeinuliwa juu ya makopo. Makopo mekundu, hayajafunguliwa, yana alama ya kiwanda na picha ya raba.

"Cik, magoti yanaendeleaje?" Baba Wening akauliza.

"Ya kwako yanaendeleaje? Mbona yanacheza?"

"Baridi ya Salatiga."

"Baridi gani, jasho linakutoka." Cik Lan akanigeukia. "Dada, mumeo anaumwa?"

"Anapenda sana makabati," nikasema. Kusema uongo sikuweza, na ukweli mzima haukuwa adabu.

Tukakaa. Wajukuu wakapita mmoja mmoja kwa majina. Viatu vya shule vikalalamikiwa ubora. Mwishowe Baba Wening akaliendea kabati, akalipapasa, akasema mbao za siku hizi hazifikii hili, ila limesimama vibaya, analionea huruma, angeomba ruhusa alichongee vigogo viwili vya mtiki likae kama malkia.

Cik Lan akaweka kikombe chini.

"Pak Dirjo," akasema, "baba yangu aliuza spea miaka arobaini. Unadhani sijui nimelisimamisha kabati langu juu ya nini? Nilikuwa nangojea nione nani atakuja kulisifia kwanza. Chonga vigogo. Na viwe vya mtiki kweli."

Alivichonga siku ile ile, kwenye uchochoro wa duka, akaondoka na makopo. Moja lilikuwa limeingia maji na raba zake zimekuwa ugoro. Za la pili, alhamdulillahi, zilikuwa laini, zimelala ndani ya unga mweupe kama watoto waliotoka kuoga. Seti moja. Huko njiani alikuwa anaimba.

Kitabu kilipatikana wiki ya mwisho ya Kwaresima, nyuma ya bustani ya Sriwedari kwenye vibanda vya vitabu vya mtumba. Muuzaji alikuwa amekiegemezea feni. Kilikuwa chenyewe hasa, cha Fiat ile ile, kwa Kiholanzi, kina michoro. Baba Wening alikifungua sura ya breki pale pale akiwa amesimama, na feni ikaanguka. Akanionyesha mstari. Raba, halafu lile neno nene, halafu benzine.

"Unaona, Mama Wening? Sawa na kitabu cha lori. Raba, tia nia, zisafishe kwa petroli. Hawa watu walikuwa na mpango."

Kesho yake asubuhi alitawadha, akatia nia, akazitumbukiza raba zote kwenye bakuli langu la sambali ya pilipili lililojaa petroli. Akalifunika kwa sahani. Kisha tukaenda kwa Eyang Lusia kumwonyesha kitabu, nami nikachukua serabi za moto, zile chapati za unga wa mchele na tui, kwa sababu yeye meno yake hayakuwa ya kutegemea.

Eyang alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakinusa. Alikinusa ukurasa kwa ukurasa, hata nikageuza uso.

"Nisomee," akasema. "Sura ya breki. Yeye alikuwa akinisomea nikikaanga samaki."

Baba Wening akakaa sawa. Akasafisha koo. Akasoma, matamshi yanapanda na kushuka: "Rubbers niet met benzine reinigen."

Eyang akatikisa kichwa kwa raha. "Una sauti ya mtu wa Karanganyar, lakini inafaa. Haya, nieleze kwa lugha yetu, huyu mkeo naye asikie."

"Raba," akasema mume wangu, kidole juu ya mstari, "tia nia, kwa petroli, safisha."

Serabi ilikuwa njiani kuelekea mdomoni mwa Eyang, ikasimama.

"Tia nini?"

"Nia, Eyang. Niet. Ile ya moyoni."

Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akicheka namna ile. Alianza bila sauti. Kisha mabega. Kisha meno ya juu yakatoka, akayashika kwa ustadi, akayarudisha, yakatoka tena. "Yesu na Maria," alikuwa akisema, "Yesu na Maria na Yosefu!" Mimi nilidhani amepata kifafa, nikaanza kumsomea Ayatul Kursi, na kumsomea kwangu kukamzidishia.

Alipopata pumzi akafuta macho. "Mwanangu, mimi nimesomeshwa na masista wa Kiholanzi tangu nina miaka saba. Hiyo niet ni *usi*. Ni *sio*. Raba zisisafishwe kwa petroli. Zisi! Petroli inaziua."

Mume wangu akageuza ukurasa. Akaiona niet nyingine. Akageuza tena. Nilimwona anazihesabu, midomo inacheza.

"Nati usizikaze mno," Eyang akamsaidia kwa upole alipomsikia akinong'ona mstari mwingine. "Wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa natia nia," akasema, "halafu nazikaza mno."

"Tangu lini?"

"Tangu kijana."

"Na hakuna aliyekufa?"

"Eyang," nikaingilia, maana yeye alikuwa hawezi, "hizo raba zetu ziko kwenye bakuli la petroli tangu asubuhi."

Bibi akaacha kucheka. Macho yake yale ya kivuli yakaelekea dirishani, upande wa bandani ilikolala Fiat. "Basi," akasema taratibu. "Basi Monika atabaki na kilo zake."

Tulikimbiza pikipiki. Nilifunua sahani mwenyewe. Raba zilikuwa zimevimba kama maandazi yaliyozidi hamira, laini, zinateleza, hazingeingia hata kwenye silinda ya lori. Baba Wening aliketi sakafuni akaishika moja kiganjani. Nikapika, hakula. Akaenda kuswali, akarudi, akakaa tena.

"Zote zile," akasema mwisho. "Watu waliniletea magari, raba zikavimba, nikawaambia ni hali ya hewa."

"Nenda kwa Gimin," nikamwambia.

"Bora nife."

"Ukifa leo Eyang nani atampeleka? Nenda, Baba Wening. Gimin ana pikapu za Kijapani hadi chini ya kitanda. Huenda iko raba inayolingana."

"Gimin atanitangaza."

"Basi mtangulie."

Sikudhani angefanya. Lakini kesho yake asubuhi, soko limejaa, chai inagawiwa, alisimama mbele ya kibanda cha Gimin na kitabu kwapani. Gimin akamwona.

"Mholanzi! Umekuja kunisomea?"

"Nimekuja kukuomba raba za breki. Za kwangu nimeziua." Akapandisha sauti. "Jamani, sikilizeni. Niet sio nia. Niet maana yake *usi*. Kila nilipowasomea fanya, kitabu kilikuwa kinasema usifanye. Kiholanzi sikijui. Najua majina ya spea tu, kama nyinyi nyote."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwarusha njiwa wa msikitini. Muuza chai alimwaga chai. Mtu wa redio alilala juu ya redio zake. Gimin Gumba alikuwa ameshika tumbo, anapiga pipa teke, anasema, "Usi! Ni usi! Ee Mungu, ni..." na katikati ya neno akanyamaza.

Uso ukambadilika.

"Ngoja," akasema. "Mbah Karso ndiye aliyekwambia?"

"Ndiye."

"Hata mimi aliniambia." Gimin akakaa juu ya pipa. "Dirjo, hata mimi huwa natia nia. Kwenye betri. Wameandika kwenye ubavu, niet sijui nini. Natia nia, halafu naichaji vifuniko vimefungwa."

"Ndiyo maana ile ya Haji Barnawi ililipuka," mtu akasema nyuma.

"Nilimwambia ni hasidi!"

Basi kicheko kikahama. Mmoja mmoja, wazee wa soko lile wakaanza kukumbuka: aliyetia nia akafungua rejeta ya moto, aliyetia nia akawasha kiberiti karibu na tangi. Wote walikuwa wamelichukua neno kwa Mbah Karso au kwa mume wangu, na mimi nikawakumbuka wanawake wa darasa waliolia, nikajifunika ushungi.

"Lakini vidole vyenu vyote vipo," nikasema. Walinigeukia. Kwa kawaida sisemi sokoni. "Gereji nyingine mafundi hawana vidole. Nyinyi kila palipo na hatari mlisimama, mkafuta mikono, mkamtaja Mungu. Mlifanya upumbavu, ndiyo. Ila mliufanya polepole."

"Bu," akasema Gimin, "hiyo ni sifa au matusi?"

"Lete raba, Pak Gimin."

Alizileta debe zima. Akatoa ya kwanza, akaipima kwa kidole gumba kwa madaha, akafumba jicho moja, akasema hii hapa ndugu yake Fiat, baba mmoja mama mmoja. Haikuingia. Baba Wening hakumcheka. Alifungua kitabu kwenye jedwali la vipimo, kwa kuwa namba hazina Kiholanzi, akaomba rula kwa muuza madaftari. Wakapima wawili, vichwa vimegusana, wanatukanana kwa sauti ya chini. Jua lilipokuwa utosini walipata raba ya pikapu inayolingana na kitabu hadi kistari cha mwisho. Kisha wakaenda kwa Eyang, na kila walipofika kwenye neno nene, yeye aliyekaa kwenye kigoda bandani akawatafsiria. Mafuta gani yasitumike. Wapi wasikaze. Alikuwa anafurahi kama anafundisha tena.

"Somo limeeleweka?"

"Limeeleweka, Eyang," wazee wawili wakajibu kwa pamoja.

Siku ya Pasaka Fiat ilitoka bandani ina rangi ya maziwa, imepigwa nta. Eyang Lusia alikaa mbele na kebaya, ile blauzi yake ya zari. Baba Wening alishika usukani, mimi nyuma na serabi, Gimin pembeni yangu, kwa sababu alisema raba ni zake na lazima azisindikize. Njia nzima niliomba dua moja tu, breki.

Baraza la Eyang Monika lilijaa watu na sahani. Tulipokaribia Eyang Lusia akasema, "Piga." Honi ya Fiat ile inalia kama bata aliyefiwa. Watu wote wakageuka.

"Simama hapa. Mbele ya geti."

Mume wangu akasema bismillahi, akakanyaga. Gari likasimama pale pale, bila kuvuta kushoto wala kulia. Gimin akanifinya mkono kwa furaha, kisha akakumbuka mimi ni nani, akaomba msamaha.

Eyang Lusia alinyoosha shingo dirishani. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Nikaona kwamba haoni. Baraza lilikuwa mbali, na kwake lilikuwa vivuli tu vimeshika sahani.

"Yuko wapi?" akaninong'oneza. "Uso wake ukoje?"

Nikachungulia juu ya bega lake. Monika hakuwa amekasirika, wala hakuwa ameaibika. Alikuwa amesimama, mzee wa miaka tisini, mdomo wazi. Kisha akampokonya mjukuu wake fimbo, akashuka ngazi moja moja, akapita geti, akaja hadi mlangoni mwa gari, akaugonga kwa fimbo.

"Sogea," akasema.

"Nani huyo?" akauliza Eyang Lusia, ingawa alijua.

"Kaka yangu alikuwa ananipeleka sokoni na hili. Kiti hiki hiki. Sogea, Lusia, miguu inaniuma."

Eyang Lusia akasogea. Kiti cha mbele cha Fiat ile ni kimoja kirefu, kwa hiyo Monika aliingia mzima mzima, akakaa, nyuso zao zikawa karibu kama za watu wanaonong'onezana kanisani.

Eyang Lusia akamtazama. Akamtazama sana, paji la uso, mashavu, kidevu, kama mtu anayesoma.

"Sasa nakuona," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe umevaa kebaya kinyume," akasema Monika, huku machozi yanamtoka. "Endesha, wewe dereva. Unangoja nini?"

Tuliwazungusha mji mzima. Serabi zote walizila wao.

Jina la Mholanzi lilikufa mwezi ule ule. Sasa wageni wakija huulizia Pak Nia, na soko zima huwaonyesha kwa kidole, wakicheka. Wateja hawakupungua, ila siku hizi akipata kitabu kipya hukipeleka kwanza kwa Eyang, ambaye macho yamekwisha kabisa, naye hukisikiliza akitafuna. Kwenye neno nene Baba Wening bado husimama. Hufuta mikono, hufumba macho, hutia nia, husema bismillahi. Halafu hafanyi.

Juzi nilimwambia ndivyo ilivyo hata funga. Unaweka nia alfajiri, na nia yenyewe ni ya kutofanya.

Alifikiri, mswaki wangu umesimama ndani ya kabureta.

"Basi yule mwandishi," akasema, "alikuwa amefunga kitabu kizima."